Kitendo maalumu cha MSI kiko katika hali gani? Kiulize kisakinishi chenyewe

DLL (maktaba ya msimbo) moja ikihudumia vitendo maalumu (custom actions, yaani msimbo wako unaoitwa na kisakinishi) kadhaa ndani ya kifurushi cha MSI, yaani cha kisakinishi cha Windows, lazima msimbo ujue umeitwa katika hali gani: papo hapo (immediate), kwa kuahirishwa (deferred), kurudisha nyuma (rollback) au kuthibitisha (commit). Wengi hukisia: husoma INSTALLDIR, sifa (property) ya folda ya usakinishaji, na wakiikuta tupu wanaamua kuwa kitendo kimeahirishwa. Ni njia mbovu. Sifa inaweza kuwa tupu kwa sababu nyingine kabisa, na katika kitendo kilichoahirishwa MsiGetProperty, kitendakazi cha kusoma sifa, hukupa jibu tupu bila kulalamika, kwa hiyo kosa hujificha.

Itumie MsiGetMode, kitendakazi kinachokuambia hali ya kisakinishi, tena uulize mara tatu: MSIRUNMODE_SCHEDULED (16), MSIRUNMODE_ROLLBACK (17) na MSIRUNMODE_COMMIT (18). Zote zikirudisha FALSE, kitendo kinaendeshwa papo hapo na unaweza kusoma sifa na hifadhidata ya kifurushi. Yoyote ikirudisha TRUE, umebaki na sifa tatu tu: CustomActionData (data uliyokipitishia kitendo), ProductCode (kitambulisho cha bidhaa) na UserSID (kitambulisho cha mtumiaji). Kwenye C# ni session.GetMode(InstallRunMode.Scheduled) na wenzake wawili.

Kosa ninaloliona zaidi ni kuuliza 16 peke yake. Usakinishaji ukienda vizuri hutaona tatizo. Siku ukikwama katikati, kitendo cha kurudisha nyuma kinajidhania ni cha papo hapo, kinatafuta sifa zisizokuwepo, na mashine inabaki na mabaki. Ndiyo maana njia ya kurudisha nyuma ni lazima ijaribiwe kwa makusudi. Kwa WiX 3 (zana ya kutengeneza vifurushi vya MSI), ongeza CustomActionRef ya WixFailWhenDeferred, kitendo kinachoangusha usakinishaji makusudi, kisha:

msiexec /i programu.msi WIXFAILWHENDEFERRED=1 /l*v logi.txt

Jibu la MsiGetMode likikushangaza, fungua safu ya Type kwenye jedwali la CustomAction. Ukijumlisha aina ya msingi, 1024 huahirisha kitendo, 1280 hukifanya cha kurudisha nyuma, 1536 cha kuthibitisha. Ongeza 2048 kiendeshwe bila kuigiza mtumiaji, yaani bila kutumia haki zake. DLL iliyo kwenye jedwali la Binary ni aina ya 1, kwa hiyo 3073 ni kitendo kilichoahirishwa chenye haki za mfumo.

Data yenyewe ipitishe hivi: kitendo cha papo hapo kiweke sifa yenye jina lilelile la kitendo kilichoahirishwa, herufi kwa herufi, kubwa na ndogo. Na kitendo cha kurudisha nyuma kipangwe kabla ya kitendo ambacho kazi yake kinaitengua. Kikipangwa baada yake, hitilafu ikitokea kitakuwa bado hakijaandikwa kwenye hati ya kurudisha nyuma, wala hakitaitwa.