Kabla ya kuhesabu megawati, fuata waya

Kijana mpya akiletwa kwenye meza yetu ya biashara ya umeme, huwa namuuliza swali moja. Mwaka 2017 mitambo 365 ya upepo ilikuwa imeshasimama Loiyangalani, kaskazini mwa Kenya, ikiwa na uwezo wa megawati 310. Umeme wake ulikuwa unatumika wapi? Wengi hutaja Nairobi. Jibu ni kwamba haukutumika popote. Njia ya waya ya kilomita 428 ya kuufikisha Suswa, kituo cha kuupokea kwenye gridi ya taifa, ilikuwa haijaisha, na ilikuja kukamilika Septemba 2018. Upepo ule ulivuma bure kwa zaidi ya mwaka, na kwa kuwa mkataba ulikuwa na kifungu cha fidia, serikali ilidaiwa fedha za umeme ambao haukumfikia mtu.

Nakuanzia hapo kwa sababu nami niliingia kazini nikiwa na ramani za jua na upepo kichwani. Niliamini soko la nishati jadidifu hukua pale rasilimali ilipo. Baada ya miaka kumi na moja ya kuchambua biashara ya umeme kati ya nchi zetu za Afrika Mashariki, nakuambia usianzie kwenye ramani ya jua. Ianze kazi kwa ramani ya njia za kusafirisha umeme, uweke na kalamu ya risasi mkononi.

Tazama ilivyokuwa miaka hii ya karibuni. Novemba 2022 Kenya ilianza kupokea megawati 200 kutoka Ethiopia, kupitia njia ya kilovolti 500 yenye urefu wa zaidi ya kilomita elfu moja, kutoka Wolayta Sodo hadi Suswa. Desemba 2024 ikawashwa njia ya kilovolti 400 inayotoka Isinya, ikapita Namanga na Arusha hadi Singida, na Tanzania ikaungana na Kenya. Katikati ya matukio hayo mawili, mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere uliingia kwenye gridi Februari 2024. Yote tisa, ya megawati 235 kila mmoja, inafanya 2,115. Uganda nayo ilizindua bwawa la Karuma, megawati 600, Septemba 2024. Septemba 2025 Ethiopia ikazindua bwawa lake kubwa la mto Abay, yaani Naili ya Buluu. Mabwawa ndiyo yaliyopigiwa vigelegele. Lakini kilichoyageuza kuwa soko la kanda ni zile njia mbili, ambazo wananchi wengi hata hawajui zinapita wapi. Wala biashara yenyewe si ngeni: Uganda imekuwa ikiiuzia Kenya umeme tangu miaka ya 1950, baada ya bwawa la Owen Falls pale Jinja. Jipya ni kwamba sasa njia zimeongezeka, na wanunuzi pia.

Jambo la pili, ambalo linawaangusha hata wenye shahada mbili: jifunze kuhesabu kwa uniti, yaani kilowati-saa. Megawati inakuambia mtambo unaweza kutoa kiasi gani ukiwa katika nguvu zake zote. Mteja hanunui hiyo. Chukua megawati 50 za sola na megawati 50 za jotoardhi. Ukichukulia kwamba sola inafanya kazi kwa wastani wa asilimia 20 ya uwezo wake, kwa siku unapata uniti 240,000. Jotoardhi kwa asilimia 90 inakupa uniti 1,080,000. Kwenye kichwa cha habari mitambo hiyo miwili ni sawa. Kwenye kitabu cha mauzo mmoja ni zaidi ya mara nne ya mwingine. Mtu akikuletea takwimu za ukuaji wa soko kwa megawati peke yake, mrudishie kwa adabu, umwombe uniti.

Sasa tuje kwenye saa, na hapa nakuomba tukae kidogo.

Uniti moja ya saa tisa usiku na uniti moja ya saa mbili usiku si bidhaa moja. Saa mbili usiku watu wako nyumbani, taa zinawaka, wanapiga pasi, wanatazama televisheni. Kuanzia saa moja hadi saa nne usiku gridi zetu nyingi zinahema, na sola imeshalala. Saa tisa usiku mambo ni kinyume: kwenye mitambo ya jotoardhi ya Olkaria, Kenya, kuna nyakati mvuke umeachiwa uende hewani kwa sababu hakuna wa kuutumia. Mvuke ule ni safi, visima vilishachimbwa kwa gharama kubwa, unapotea huku jirani akichoma dizeli. Nilipoliona hilo kwa mara ya kwanza kwenye kumbukumbu za saa kwa saa, liliniuma kweli. Ndipo nilipoelewa soko la kanda ni la nini: kumtafutia mvuke wa saa tisa usiku mtu wa kuutumia, hata kama yuko ng'ambo ya mpaka.

Saa pia zinadanganya. Dar es Salaam, Nairobi, Kampala na Addis Ababa ziko kwenye majira mamoja, ila Kigali na Bujumbura ziko nyuma kwa saa moja. Ikiwa saa mbili usiku kwetu, kwao ni saa moja. Kwa mfanyabiashara wa umeme hiyo ni neema, maana vilele vya matumizi yao na yetu havigongani sawasawa. Rusumo, kule mto Kagera, megawati 80 zinagawanywa kwa mafungu matatu sawa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Ukichora matumizi ya nchi hizo bila kusahihisha majira, utaona msongamano ambao haupo. Ongeza na Waethiopia, ambao huhesabu saa kuanzia alfajiri kama sisi Waswahili, na kalenda yao ina miezi kumi na mitatu na iko nyuma ya yetu kwa miaka saba au minane.

Mwaka wangu wa pili nilipokea jedwali ambalo safu moja ilikuwa imeandikwa kwa saa za kienyeji zinazoanzia alfajiri na nyingine kwa mtindo wa saa 24. Sikuuliza. Niliunganisha zote, nikaandika taarifa kwamba jirani yetu ana ziada kubwa ya umeme jioni. Ziada ile ilikuwa ya mchana. Jioni alikuwa na upungufu. Taarifa ilifika mezani kwa wakubwa kabla kosa halijaonekana, na mazungumzo ya wiki tatu yakaanza upya. Mhandisi mama aliyekuwa akinisimamia hakunikaripia. Alinipa namba ya chumba cha udhibiti cha upande wa pili, akasema, "Mpigie simu, umsomee namba zako." Dakika kumi zilitosha. Kuanzia siku hiyo sijawahi kupeleka jedwali bila kumsomea mtu anayekaa mbele ya zile skrini usiku.

Kuhusu mikataba sitasema mengi, maana utaisoma mpaka uichoke. Shika mawili. Kwanza, umeme mwingi katika kanda yetu bado unauzwa kwa mikataba mirefu ya nchi kwa nchi. Ule wa Kenya na Ethiopia ni wa miaka 25, megawati 200 kwa miaka mitatu ya mwanzo kisha 400. Umoja wa gridi wa Afrika Mashariki, wenye makao Addis Ababa, ulianzishwa 2005. Wenzetu wa kusini mwa Afrika walianza 1995, na tangu 2009 wana soko la kununua leo umeme wa kesho. Umbali huo unaeleza mengi. Pili, angalia sarafu. Mteja analipa kwa shilingi, mkataba unadai dola au yuro. Januari 2024 dola moja ilifika kama shilingi 160 za Kenya, na kabla ya mwaka kuisha ikashuka hadi karibu 130. Uniti ni ileile, jua ni lilelile, bili imebadilika.

Utakutana pia na maswali ya wananchi, na uyaheshimu. Machi 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alipozungumzia kununua umeme wa Ethiopia kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, watu walihoji: tuna Bwawa la Nyerere, tununue kwa nini? Ni swali la haki. Jibu lake linaanzia kwenye waya. Umeme ukisafiri mbali, sehemu yake hugeuka joto njiani. Ukipandisha msongo, yaani volti, mara mbili, mkondo hupungua kwa nusu, na upotevu kwenye waya uleule hushuka hadi robo. Ndiyo maana njia za kilovolti 400 zina thamani. Rufiji, liliko bwawa hilo, iko mbali na Kilimanjaro, na kuna saa ambazo chanzo cha upande wa Kenya kiko karibu zaidi. Wala umeme hautembei na lebo. Kinachoitwa "umeme wa Ethiopia" Arusha ni hesabu ya mita za mipakani pamoja na ada ya kupitisha kwenye gridi ya jirani. Nguvu yenyewe huenda imetoka Olkaria.

Na kuna mvua. Nyanda za juu za Ethiopia hupata mvua zake kubwa Juni hadi Septemba. Bonde la Rufiji hulishwa na mvua za Novemba hadi Mei. Mmoja akiwa kwenye kiangazi, mwenzake anajaza bwawa. Sisi tuliopitia mgao wa umeme wa Tanzania wa 2006 na wa 2011, wakati mabwawa yalipokauka, hatuwezi kulisoma hilo kama takwimu tu. Saluni zilifungwa, samaki wakaoza kwenye majokofu, wanafunzi wakarudi kwenye koroboi.

Kazi yako ya wiki ya kwanza basi ni hii. Chukua kumbukumbu za jana za mpaka mmoja, Namanga kwa mfano. Andika kila saa kwa mtindo wa saa 24, na pembeni uandike ni majira ya nchi gani. Andika uniti zilizovuka na zimeelekea upande gani. Saa ambayo mwelekeo umegeuka, izungushie duara, utafute nini kilitokea: mvua, mtambo kuzimwa, mechi ya mpira usiku. Kisha mpigie mtu wa chumba cha udhibiti, umsomee ulichoandika, ndipo ukilete kwangu.