Mashemeji wanasema nimechanganyikiwa

SWALI: Dada shikamoo. Mume wangu alifariki mwaka jana, tangu hapo nikikosa usingizi nachukua mkaa nachora nyuma ya kalenda za zamani, mikono yake, baiskeli yake, sasa mashemeji wanasema nimechanganyikiwa. Mwenyewe sijijui tena, kila mtu ananiita mke wa marehemu tu. Niache? (Mama wa Chang'ombe, Dodoma)

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole sana. Usiache! Majonzi mengine hayasemeki, mkono ndo unayatoa, na yakishakaa kwenye karatasi unaweza kuyaangalia, hata kuyaweka pembeni ukapike. Kwetu hapahapa, Kolo kule Kondoa, wazee wa kale walichora watu na wanyama kwenye miamba kwa rangi nyekundu, UNESCO wakaitambua kuwa urithi wa dunia 2006, kwa hiyo kuchora sio uchizi. Ila na wewe jichore, mikono yako ikisonga ugali, halafu chini andika jina lako, lile ulilopewa na mama yako. Mashemeji waonyeshe ile ya baiskeli, ni ndugu yao pia, nao wanaumia. Usingizi ukigoma wiki baada ya wiki nenda Mirembe, hospitali ya afya ya akili hapo Dodoma, ukaongee na wataalamu, wala usiogope jina la pale.