Kadi ya njano na baba wa bwana harusi

SWALI: Nesi wetu, salaam. Mwanangu yuko Hoima, Uganda, kwenye kazi ya bomba la mafuta, na mwezi ujao anaoa. Naambiwa sivuki mpaka wa Mutukula bila kadi ya njano, ile ya chanjo ya homa ya manjano, ila jirani yangu wa barazani anasema chanjo ile inaua wazee. Nina miaka 67, baharia mstaafu. Nichanjwe au nibaki Tanga?
Baba Harusi, Chumbageni

JIBU: Shikamoo Baba Harusi, na hongera. Jirani hakusema uongo, katia chumvi.

Sisi manesi tuna maneno mawili hatuyachanganyi: maudhi na madhara. Mkono kuuma, kichwa kugonga, mwili kulegea siku mbili tatu, hayo maudhi, panadoli yatosha. Madhara ni jambo jingine. Chanjo ya homa ya manjano ni virusi hai vilivyodhoofishwa. Kwa watu wachache mno, virusi hivyo huzaliana kupita kiasi vikashambulia ini na figo, au vikagusa ubongo. Kwa waliofikisha miaka 60, hayo ya ini na figo hutokea takriban mara 1 katika dozi 100,000. Ni nadra, lakini vijana hupatwa kwa uchache zaidi, na yakitokea huweza kuua.

Sasa hapa ndipo penye jambo lako. Karibu wote waliopatwa walikuwa wanachanjwa kwa mara ya kwanza. Nawe umeutaja ubaharia kama jambo la kupita tu! Mabaharia wengi wa zama zenu walichanjwa. Fungua sanduku, mzee wangu. Tangu tarehe 11 Julai 2016 kadi hiyo ni ya maisha, hata kama imeandikwa miaka 10. Mjomba wangu wa Ngamiani aliikuta yake ndani ya msahafu, mende wamekula pembe, muhuri unasomeka.

Ukiikosa, muone daktari kabla ya mchanjaji. Mtajie dawa zote unazomeza, hasa za kushusha kinga kama prednisoloni, na kama uliwahi kuugua tezi ya thaimasi, ile ya nyuma ya mfupa wa kifua. Akiona hatari imezidi, anaweza kukuandikia hati ya msamaha. Akikuruhusu, chanjwa mapema: kadi mpya huanza kufanya kazi baada ya siku 10. Na mwezi huo wa kwanza ukiona homa kali, kutapika, macho ya manjano au kuchanganyikiwa, usichemshe mwarobaini. Hospitali siku hiyohiyo, kadi mkononi.