Siku Tisa za Marina

Mdogo wangu, umeniuliza kama ni kweli aliyeolewa Ulaya ameula, na kama yule kijana umkubalie. Huu ni mwaka wangu wa sita hapa Kraków, Poland. Sitakuficha kitu.

Katika nyumba moja ya uwanja mkuu wa soko wa mji huu, Novemba 1605, aliozwa Marina Mniszech, binti wa gavana wa jimbo la Sandomierz. Bwana harusi, mfalme wa Urusi, tapeli aliyejiita Dmitri, mwana wa mfalme wa zamani, hakuwepo, alimtuma balozi. Kadinali alipouliza kama mfalme hajamwahidi mwanamke mwingine, balozi akajibu kwamba hilo hakuambiwa. Na ndoa ikafungwa! Baba mtu alikuwa na madeni, naye ameahidiwa zloti 1,000,000.

Moscow walimweka kwanza kwenye nyumba ya watawa. Chakula kikamshinda, ikabidi waletwe wapishi wa Kipoland. Hapo namwelewa. Mama mkwe aliponiwekea żurek mara ya kwanza, supu ya unga uliochachushwa, yai na soseji ndani, nilimeza vijiko viwili machozi yakinilenga, naye akaona nimemdharau. Ugenini mkono wako mezani unatazamwa. Kwenye karamu ya Marina, Warusi walikwazika kuona maharusi wanakula kwa uma.

Alivikwa taji tarehe 8 Mei 1606, mwanamke wa kwanza kuvikwa taji Urusi. Tarehe 17 mumewe akauawa, pamoja na mamia ya Wapoland waliokuja harusini.

Lakini linaloniuma ni la baadaye. Mwaka 1608 Warusi waliokuwa wamemshikilia walimwachia arudi kwao. Hakurudi. Alikwenda kwenye kambi ya tapeli wa pili aliyejiita Dmitri yuleyule, akamkubali hadharani kuwa ndiye mumewe. Angerudije kuwa binti wa gavana, naye alikwisha kuitwa malkia? Mimi najua. Kuna usiku mmoja wa baridi nilikuwa na nauli, viatu nimeshavaa, nikakaa kitandani mpaka kukapambazuka, kwa sababu mama alikwisha kuuambia mtaa mzima kwamba mwanawe yuko Ulaya.

Marina alifia mikononi mwa Warusi. Mwanawe wa miaka mitatu alinyongwa Moscow mwaka 1614.

Yule kijana usimkatae kwa ajili ya maneno yangu. Shemeji yako ni mtu mwema, na nimekaa. Ila mwambie mama asitangaze kwanza. Na nauli ya kurudi nitakutumia mimi, ikae kwenye akaunti yako, asiijue mtu.