Saa nane usiku niko macho: Bibi Nesi anajibu

*Bibi nesi, assalaam alaykum. Shikamoo.*

*Naandika kutoka Wete. Nina miaka 43 na watoto wanne. Baridi yabisi imenikaa vidoleni, viwikoni na magotini tangu nilipomwachisha ziwa mtoto wangu wa mwisho, ambaye sasa yuko darasa la tatu. Zamani nikisuka mikeka. Siku hizi ukili siushiki tena, vidole havikunjiki. Napika vitumbua, binti yangu ananibebea maji na kunikorogea unga, mimi nasimamia moto.*

*Maumivu nimeyazoea, bibi. Kilichonishinda ni usiku. Nikishasali Isha, saa tatu niko kitandani kwa kuwa mwili wote umechoka. Nageuka huku na huku mpaka saa tano ndipo usingizi unanichukua, na saa nane niko macho. Najilaza nimefumba macho nikiulazimisha, natazama simu kujua saa, nahesabu zimebaki saa ngapi kufika alfajiri. Mume wangu ni mvuvi, akenda dago hukaa wiki nyingi, kwa hiyo nabaki na mawazo yangu: mikono ikilemaa kabisa, nani atawalisha wanangu? Pengine usingizi hunirudia kidogo karibu na adhana, nikaamka kichwa kizito. Adhuhuri nikishasali najitupa kitandani mpaka alasiri.*

*Dawa ninazotumia ni prednisoloni, kidonge kimoja asubuhi na kimoja usiku baada ya kula, na dawa nyengine ya mara moja kwa wiki. Jirani kanipa vidonge vyeupe vilivyofungwa kwenye karatasi, anasema mama yake ndivyo anavyolalia. Nimevimeza siku mbili tatu. Nalala, lakini kesho yake nakuwa kama mlevi. Juzi nusura nijimwagie mafuta ya moto. Mama mkwe anasema nina shetani, nikapungwe. Mwaka umepita niko hivi. Nifanyeje? Na hali hii yaweza kuniua?*

*Mama wa vitumbua, Wete*

Wa alaykum salaam mwanangu, marahaba.

Nianze na swali la mwisho, kwa kuwa naona ndilo linalokukosesha raha. Hapana, usiku wa namna hii hautakuua. Mwili ulionyimwa usingizi hujilipa kidogo kidogo, hata pale wewe unapohisi hukulala kabisa. Lakini sitakwambia ni jambo dogo. Aliyelala vibaya, viungo vilivyomuuma jana leo humuuma zaidi, na maumivu hayo ndiyo yanayomwamsha usiku unaofuata. Hilo hata mimi huna haja ya kunisikiliza, mwili wako umeshakufundisha.

Anayekosa usingizi siku tatu au zaidi kwa wiki, kwa muda wa miezi mitatu au zaidi, ana maradhi ya kukosa usingizi. Ni maradhi ya pili, yana matibabu yake, na yanatibika hata kama baridi yabisi bado ipo. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu wenye maradhi ya kudumu tunaambiwa kila siku kwamba usingizi utarudi tukishapona. Mimi nina sukari. Sukari yangu haitaondoka, na baridi yabisi yako haiondoki kwa wiki mbili. Tukingoja kupona ndipo tulale, tutakesha umri mzima.

Sasa tazama mambo yalivyokwenda. Baridi yabisi ndiyo iliyokuamsha mwanzo. Kinachokuweka macho leo, kwa sehemu kubwa, ni yale unayoyafanya kuutafuta usingizi: kupanda kitandani mapema, kulala mchana ili kufidia, kubaki umejilaza ukipambana. Mwaka mzima kitanda chako kimekuwa uwanja wa vita, na mwili ukikigusa tu unajiweka tayari kupigana.

Lakini kabla ya kitanda, dawa. Prednisoloni ikimezwa usiku huwafukuza usingizi watu wengi. Mara nyingi daktari huiandika yote asubuhi, baada ya chakula, kwa sababu hiyo pamoja na nyengine. Huenda wako ana sababu ya kuigawa, kwa hiyo usijibadilishie mwenyewe. Mwulize hivi hivi: "Naweza kumeza vyote viwili asubuhi? Usiku silali." Na nakuomba sana, usije ukaiacha ghafla kwa kuitilia shaka. Mwili ukishaizoea huacha kutengeneza ya kwake, na kuikata kwa mara moja kunaweza kukuangusha vibaya. Ukiwa huko huko kliniki, taja kwamba saa nane ndiyo saa unayoamka. Uvimbe wa baridi yabisi kwa kawaida huchachamaa usiku wa manane mpaka asubuhi, na daktari akijua hivyo anaweza kukupangia upya saa ya dawa ya maumivu. Apime na sukari yako, kwa kuwa prednisoloni huipandisha, na damu pia. Mwambie kama miguu inakutambaa usiku hata huwezi kuituliza, au kama watoto wanakusikia ukikoroma kisha pumzi ikakatika. Mambo hayo yana tiba nyengine kabisa.

Vile vidonge vya kwenye karatasi usivimeze tena. Dawa isiyo na jina hujui inagombana na nini mwilini mwako. Kama ni vya mafua, hivi ambavyo wengi huvimeza ili walale, uzito wake hubaki mpaka mchana, na baada ya siku chache havisaidii tena. Kama ni vya usingizi khasa, mwili huvizoea ukavidai. Umevitumia siku chache tu, alhamdulillahi. Mama wa jirani yako, anayevimeza kila siku, yeye asivikate ghafla, aende navyo kwa daktari apunguziwe taratibu. Baadhi ya dawa hizo zikiachwa kwa mara moja huleta mtetemeko, hata kifafa.

Mwaka 2016 chama cha madaktari wa maradhi ya ndani cha Marekani kilitoa mwongozo kuwa tiba ya kwanza ya kukosa usingizi kwa mtu mzima iwe ni kurekebisha mwenendo wa kulala na fikra zinazoambatana nao, vidonge vije baadaye. Tiba hii imewafaa hata wenye maumivu ya kudumu. Tena haihitaji kununua kitu.

Kwa hesabu yako, uko kitandani kuanzia saa tatu mpaka saa kumi na moja, yaani saa nane nzima, na unalala nne, tuseme tano kukiwa na kheri. Basi usipande kitandani saa tatu. Panda saa tano na nusu, uamke kwa adhana ya alfajiri. Najua utashtuka. Mtu asiyelala anaambiwa achelewe kulala! Lakini usingizi hujengeka kwa kadiri ulivyokaa macho, na wewe unautawanya kwenye saa nyingi mpaka unakuwa mwepesi, kila kitu kinaupasua. Ukiubana, hukusanyika. Fanya hivyo kila siku, Ijumaa isiwe tofauti na siku nyengine. Ukiona karibu muda wote ulioko kitandani unalala, panda kitandani robo saa mapema zaidi, ukae nayo wiki moja, kisha robo saa nyengine. Muda wako wa kitandani usishuke chini ya urefu wa saa tano na nusu kwa hali yoyote.

Wiki ya kwanza utasinzia mchana kuliko ilivyo sasa. Kwa hiyo wiki hiyo mafuta ya vitumbua asimamie mtu mzima mwengine, dada yako au wifi yako, au usipike kabisa. Hapo sina mjadala. Na msomaji mwenye kifafa, au aliyewahi kuugua akili ikapanda kupita kiasi, asianze jambo hili bila ya daktari wake, kwa kuwa kupunguza usingizi kunaweza kumwamshia maradhi.

Ukiamka saa nane ikapita kama robo saa kwa kukisia, ondoka kitandani. Kwa kukisia, nimesema. Simu iache chumba chengine. Mimi miguu huniwaka moto usiku kwa sababu ya sukari, na nikilala nikiisikiliza huwaka zaidi. Hivyo nakwenda ukumbini nikawasha taa ndogo, nikakunja nguo zilizoanuliwa mchana, redio ikiwa chini kabisa. Macho yakianza kufumba narudi. Yasipofumba, nakaa. Wewe mikono haikuruhusu kukunja nguo, basi tafuta kiti chenye mgongo ukae na tasbihi, au usikilize Kurani. Ukitaka kusali tahajudi, sali, ila isali kwa ajili ya Mola wako, usiisali ukipima kama imeshakuletea usingizi. Kupima huko ndiko kunakotuweka macho.

La mchana ni gumu, kwa sababu baridi yabisi inachosha kweli na viungo vinahitaji kupumzishwa. Lakini uchovu wa maradhi na kusinzia ni vitu viwili. Unaweza kuwa hoi na usisinzie hata kidogo. Ukiwa hoi, jinyooshe kwenye mkeka barazani, miguu juu ya mto, zungumza na watu, halafu inuka. Ukisinzia mpaka huwezi kuvumilia, lala dakika 20 kabla ya saa tisa na umwambie binti yako akuamshe. Huko kulala mpaka alasiri ndiko kunakokula usiku wako.

Chai ya rangi isipite alasiri, kahawa ndiyo kabisa: ukishainywa, zikipita saa tano hivi, nusu ya nguvu yake bado imo mwilini. Chemsha majani ya mchaichai matupu. Kama saa moja kabla ya kulala oga maji ya moto, uviloweke na vidole. Mwili ukishapoa baada ya hapo hulala kwa wepesi zaidi. Kanga iliyokunjwa chini ya viganja na mto baina ya magoti husaidia. Wakati wa kaskazi, joto linapokuwa kali, hamia chumba chenye dirisha la upepo, chandarua ukihamishe nacho.

Mama mkwe wako msikilize kwa adabu. Kama kisomo kinakutuliza, somewa, hakuna dhara. Kukesha ngomani ndiko nisikokutakia, wala usiache dawa yoyote kwa ajili hiyo.

Na yale mawazo ya mikono na watoto. Siwezi kukwambia usiyafikiri, kwa sababu ni ya kweli. Ila yanakujia saa ambayo huwezi kufanya lolote. Yape saa yake mchana: baada ya alasiri kaa na dada yako, na mumeo akirudi dago kaa naye, mseme wazi nani atashika biashara mikono ikizidi, akiba iko wapi, binti aendelee vipi na skuli. Wengine huyaandika. Yakija saa nane, utakuwa na la kuyajibu. Lakini ikiwa huzuni imekushika siku nzima, chakula hukitaki, watoto hawakufurahishi, au umeanza kuona ni bora usiwepo, usingoje siku ya kliniki. Nenda spitali siku hiyo hiyo, na dada yako akusindikize.

Niandikie tena baada ya mwezi. Nitataka kujua daktari alisemaje kuhusu prednisoloni.

*Bibi nesi, mimi nina sukari na presha, umri miaka 60. Naamka kukojoa mara nne au tano kila usiku na nikishaamka silali tena. Nimeacha kunywa maji tangu magharibi, lakini mdomo unakauka na kukojoa kuko pale pale. Msomaji, Makunduchi*

Ndugu yangu, rudi kwenye maji yako. Kunywa zaidi mchana, punguza saa mbili za mwisho kabla ya kulala, lakini kiu usiivumilie. Kiu na mkojo mwingi vikija pamoja, cha kwanza cha kupima ni sukari yenyewe. Ikipita kama 10 (mmol/L) kwenye kile kipimo cha kidole, huanza kumwagika kwenye mkojo na kuvuta maji pamoja nayo. Hapo unakojoa kwa sababu sukari iko juu, hata usinywe tone.

Kisha tazama dawa zako za presha. Kama mojawapo ni ya kutoa maji, na unaimeza usiku, mwulize daktari uihamishie asubuhi. Miguu ikivimba jioni, baada ya alasiri inyanyue juu ya mto kwa muda wa kama saa moja ili maji hayo yatoke kabla hujalala. Na kwa umri wako apime tezi dume, hasa kama mkojo unatoka kwa kusukuma au unakatika katika.

Ukiamka umeloa jasho, unatetemeka, au umeota ndoto za kutisha, usidhani ni mkojo tu uliokuamsha. Huenda sukari imeshuka. Pima; ikiwa imeshuka, au huna kipimo, kunywa chai yenye sukari au juisi mara moja, na asubuhi uende kituo cha afya ukaseme, maana dozi yako inahitaji kutazamwa.

Andika kwa siku tatu saa unazoamka, ulikunywa nini jioni na sukari ilikuwa ngapi. Karatasi hiyo mpe daktari mkononi kabla hajaanza kukuuliza. Na acha taa ndogo njia ya chooni.