Wazazi Waulizwe, Lakini Si kwa Kuinua Mikono

Swali la wiki hii lilikuwa: je, wazazi wa Kisumu na magharibi kwa jumla wanataka watoto wafundishwe shuleni kuhusu utambulisho wa kijinsia? Wanaosema ndiyo na wanaosema hapana hutegemea yaliyosemwa mkutanoni. Mkutano wa wazazi wa saa nne asubuhi siku ya kazi hauwezi kubeba jibu hilo. Mvuvi wa omena wa Dunga amekesha ziwani, mama wa Kibuye yuko kibandani, wa boda yuko barabarani. Waliobaki huinua mikono mbele ya mwalimu mkuu na mchungaji, kila mmoja akimtazama jirani kwanza.

Kasoro kubwa zaidi imo katika swali lenyewe. Nchini Marekani, Pew Research Center iliwauliza wazazi wa wanafunzi mwaka 2022 na kuwapa majibu matatu. Asilimia 31 walipendelea mtoto ajifunze kwamba mtu anaweza kuwa mwanamume au mwanamke tofauti na jinsia aliyoandikiwa alipozaliwa. Asilimia 31 wakapendelea ajifunze kwamba jinsia ya kuzaliwa ndiyo inayoamua. Asilimia 37 wakasema shule isilifundishe kabisa. Wangepewa ndiyo na hapana tu, kundi la pili lingepotea: linakubali somo, likikataa maudhui. Tarakimu hizo ni za Marekani na zibaki huko. Tunachohitaji ni muundo wa swali.

Hapa kwetu lipo jambo lisilopaswa kuchanganywa na hayo. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,524 wenye jinsia mbili, yaani waliozaliwa na maumbile yasiyo ya kike tu wala ya kiume tu, na Sheria ya Watoto ya 2022 inawatambua watoto hao. Mzazi anayekataa somo zima huenda akataka sana mtoto kama huyo asidhihakiwe darasani. Hayo ni maswali mawili. Umri nao utenganishwe: Gredi ya 1 hadi 3, 4 hadi 6, 7 hadi 9.

Tuseme shule ina kaya 600. Orodha ya kuchagulia watakaoulizwa iwe ya kaya, kwa kuwa ikiwa ya wanafunzi, mwenye watoto watatu anapata nafasi tatu. Piga kura upate namba kati ya 1 na 5, anzia hapo, kisha chukua kila kaya ya tano: utapata 120. Hata wote wakijibu, matokeo yanaweza kupotoka kwa takriban asilimia 8 juu au chini, hivyo 52 kwa 48 si ushindi wa yeyote.

Karatasi isitumwe kwa mtoto. Ataijaza mwenyewe au itaozea mkobani. Anayeuliza asiwe mwalimu wa shule hiyo. Maswali yawe ya Kiswahili na Kijaluo, na mtu asiyeona ya awali ayarudishe ya Kijaluo katika Kiswahili ili tofauti zionekane. Yajaribiwe kwanza kwa wazazi kumi wa shule nyingine. Jibu likunjwe na kutiwa sandukuni, "sijui" ikiwamo. Asiyesoma asomewe, achague karatasi kwa rangi. Asiyepatikana arudiwe jioni, kisha Jumapili. Kumweka jirani mahali pake kunaharibu kila kitu, maana wanaopatikana nyumbani mchana ni watu wa aina moja.

Matokeo yasisomwe gwarideni, kwa sababu huenda yumo mwanafunzi ambaye mwili wake ndio unaopigiwa kura. Yabandikwe kwa wazazi yakiwa na maneno kamili ya swali, idadi ya walioulizwa na idadi ya waliokataa kujibu.