Maswali ya Wasomaji: Amplifaya ya Zamani au Toleo Jipya?

SWALI: Ndugu Mshauri, nimeweka akiba ili ninunue amplifaya ya chaneli mbili kwa ajili ya spika zangu ndogo za omu 8, ambazo karatasi yake inasema zinatoa desibeli 87 kwa wati moja. Nina gramafoni na santuri za taarab na dansi, lakini siku nyingi nasikiliza muziki kutoka kwenye simu, na jioni ningependa sauti ya televisheni nayo ipite humo. Nimeona tatu: NAD 3020 iliyotumika, ambayo muuzaji anaapa kuwa siku hizi hazitengenezwi tena za namna hiyo, Marantz PM6006 iliyotumika, na Marantz PM6007 mpya, ambayo itamaliza akiba yangu yote. Nichukue ipi? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Ndugu msomaji, muuzaji wako hakudanganyi kuhusu sifa za NAD 3020. Ilitoka mwaka 1978, ikiwa imesanifiwa na mhandisi Mnorwe Erik Edvardsen, na ingawa kiwanda kiliitaja kuwa na wati 20 tu kwa kila chaneli, ilisukuma spika ambazo amplifaya nyingi za bei yake zilishindwa nazo. Sifa hizo, hata hivyo, ilizipata ikiwa mpya. Wewe unauziwa mashine ambayo kapasita zake za elektroliti, yaani vifaa vya ndani vinavyohifadhi umeme, zimekaa miongo kadhaa, na kapasita hizo hukauka kwa joto na umri hata kama mwenyewe aliitunza kabatini bila kuiwasha.

Kabla ya kutoa fedha, omba iwashwe bila spika, voliumu ikiwa sifuri, iachwe dakika kumi, kisha fundi apime kwa mita umeme wa DC, yaani ule wa mkondo mmoja usiotakiwa kufika kwenye spika, kwenye matundu ya spika, chaneli moja baada ya nyingine. Ikisoma chini ya milivolti 50 hakuna neno. Ikikaribia 100 mwambie muuzaji ailipie matengenezo yeye, kwa sababu umeme huo ukizidi huunguza koili ya spika. Halafu unganisha spika usikilize mvumo. Mvumo unaopanda na kushuka unapozungusha voliumu kwa kawaida hutoka kwenye waya au sehemu za mwanzo za mashine, na huenda ukawa jambo dogo. Mvumo usiobadilika hata voliumu ikiwa chini kabisa mara nyingi ni kapasita kubwa za umeme zilizochoka. Mikwaruzo unapozungusha voliumu isikutishe sana, kwani dawa ya kupuliza ya kusafishia huiondoa mara nyingi. Angalia pia nyuma ya NAD hiyo kama vile vijiti vya chuma vyenye umbo la U bado vipo: ndivyo vinavyounganisha sehemu ya kwanza ya amplifaya na ile ya kusukuma spika, na vikipotea mashine hukaa kimya, ukadhani imekufa.

Sasa tuzitazame hizo Marantz mbili. PM6006 ni ya mwaka 2016 na PM6007 ni ya mwaka 2020. Zote mbili hutoa wati 45 kwa kila chaneli kwenye omu 8, zote zina tundu la gramafoni, na zote zina matundu ya dijitali, yaani ya optika (waya wa mwanga) na ya koaksia (waya wa shaba). Toleo jipya lilibadilishiwa chipu ya kugeuza sauti ya dijitali kuwa ya analogi na kurekebishwa hapa na pale, lakini sioni kwa nini msikilizaji mwenye spika kama zako amalize akiba yake kwa ajili ya tofauti hiyo. Bluetooth haimo katika yoyote kati ya hizo mbili. Kwa muziki wa simu utanunua kipokezi kidogo cha Bluetooth na kukichomeka kwenye tundu la kawaida kama AUX au CD, jambo ambalo hata ile NAD ya zamani inalikubali. Usikichomeke PHONO kamwe, kwa kuwa tundu hilo limetengenezewa sauti hafifu ya sindano na muziki utatoka umepasuka.

Televisheni ndiyo inayoitoa NAD katika kinyang'anyiro hiki, maana televisheni nyingi za sasa hutoa sauti kwa optika, na ungelazimika kununua kifaa kingine cha kuigeuza. Kwa PM6006 waya mmoja unatosha. Ukishauunganisha, ingia kwenye mipangilio ya sauti ya televisheni uchague PCM, yaani sauti ya dijitali isiyobanwa. Ukiiacha kwenye Dolby, sauti iliyobanwa ambayo amplifaya hii haiwezi kuifungua, hutasikia kitu, na wengi wamerudisha mashine nzima dukani kwa sababu hiyo tu.

Kuhusu wati usihangaike. Kutoka wati 20 hadi 45 unaongeza takriban desibeli tatu na nusu, ilhali ukibadilisha spika za desibeli 87 kwa za desibeli 91 unapata ongezeko kubwa kuliko hilo bila kugusa amplifaya. Kwa hiyo ninakushauri uchukue PM6006, mradi kibao cha nyuma kinaonyesha volti 230 na vipimo nilivyovitaja viwe safi, na fedha itakayobaki uiweke kwa ajili ya sindano mpya ya gramafoni au spika bora zaidi.

SWALI: Nimeuziwa amplifaya ya Sansui kutoka Japani kwa bei ndogo sana. Fundi anasema ni ya volti 100. Je, nimeliwa? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Si lazima, ila usiichomeke ukutani hata kwa kujaribu, kwani umeme wa Kenya ni volti 240 na itaunguza fyuzi ukiwa na bahati, au transfoma usipokuwa nayo. Tazama kwanza nyuma yake: baadhi ya Sansui zilizotengenezwa kwa ajili ya kuuzwa nje zina swichi au plagi ya kuchagua volti. Kama haipo, tafuta transfoma ya kushusha umeme hadi volti 100, iliyo nzito, yenye uwezo wa angalau mara mbili ya wati zilizoandikwa kwenye kibao cha amplifaya. Vile vigeuzi vyepesi vinavyouzwa kwa ajili ya pasi na vikausha nywele havifai. Bei ya transfoma hiyo uijumlishe na uliyolipa, ndipo utajua kama Sansui yako ilikuwa rahisi.